Barua ya Wazi kwa Afande Filimbi

Afande Filimbi,
Kambi ya Mafunzo (jina nalihifadhi),
Jeshi la Kujenga Taifa.

YAH: MAOMBI YA WEWE KUHAMISHIWA URAIANI



Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni kuruta wako wa zamani wa Kombania B, hanga la pili kutoka bwaloni, mwenye shahada ya kwanza ya takwimu. Huenda hunikumbuki na sikulaumu. Sisi tulikuwa wengi, wewe ulikuwa mmoja, na kila uliponiona nilikuwa nakimbia. Mimi nakukumbuka. Juzi askari wa usalama barabarani kapuliza filimbi yake pale mataa ya Mwenge, nikajikuta nimesimama wima ndani ya daladala, mikono ubavuni, kidevu juu. Mama mmoja aliyekuwa amepakata ndoo ya dagaa akanishukuru kwa kumpisha kiti.

Watu wataniuliza kwa nini siwaandikii wakubwa wenye ofisi na vibao vya majina mlangoni. Nimewaandikia sana, afande. Barua zangu wanazo, zimegongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala zake ninazo kwenye bahasha ya kaki. Ila sijapata kusikia sauti kutoka huko. Wewe sina kumbukumbu ya siku uliyotakiwa kulia ukanyamaza. Halafu tuseme ukweli: mkuu wa kambi nilimwona kwa mbali siku ya gwaride la kufunga mafunzo, na waziri nilimsikia redioni. Aliyenitawala ni wewe.

Naomba nianze na shukrani, maana mwombaji anayeruka shukrani huonekana ana njaa sana.

Nashukuru kwanza kwa orodha ya vifaa. Ile orodha iliandikwa na mtu anayejua anachotaka. Bukta ya buluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, mfuko mmoja nyuma, isiyo na zipu, urefu uishie magotini. Fulana ya kijani. Raba za kijani au buluu. Soksi ndefu nyeusi. Shuka mbili za buluu bahari. Chuoni nilikaa miaka mitatu na sikuwahi kupewa maelekezo yaliyonyooka namna hiyo. Nilipouliza utafiti wangu wa mwisho niufanye juu ya nini, niliambiwa nitafute kitu kinachonigusa. Kwa upande wa bukta niliambiwa mpaka idadi ya mifuko. Mama alizunguka vibanda vya mitumba akapata yenye mifuko miwili, tukaipeleka kwa fundi cherehani auzibe mmoja, na fundi, mzee wa watu, akauliza kama taifa lina neno gani na mfuko wa pili. Hatukuwa na jibu. Ila tulielewa kuwa mahali fulani katika nchi hii yupo mtu aliyekaa, akafikiri, akaamua, na uamuzi wake ukafika mpaka kwenye cherehani ya Manzese bila kupotea njiani.

Tangazo la kujiunga, lililobeba orodha ile, lilikuwa na mstari mwingine, ambao sisi tunaojiunga kwa kujitolea huusoma kama watu wanavyosoma masharti ya mkopo wa simu: kwamba jeshi halitoi ajira, linamwezesha kijana kujiajiri mwenyewe akimaliza mkataba. Hapo siwezi kusema nilidanganywa. Niliambiwa mapema, kwa Kiswahili fasaha, na nikapanda basi hivyohivyo. Mama naye aliusoma. Akasema, "Wewe nenda mwanangu, wakikuona unavyofanya kazi watabadilisha."

Usiku wa kwanza ulitukuta wasomi. Kuna aliyekuja na kitabu cha kusoma kabla ya kulala. Kuna aliyeuliza soketi ya kuchajia iko wapi, wakati simu zenyewe zilishachukuliwa. Saa kumi alfajiri ukalia. Kijana wa kitanda cha juu yangu akauliza, "Kuna nini?" Nadhani hilo ndilo swali la mwisho kuulizwa katika hanga lile. Waliotoka na raba za watu walitoka, waliotoka peku walitoka, na mimi nilitoka na shuka la buluu bahari shingoni nikaimba chenja za mchakamchaka nalo mpaka jua likachomoza.

Kisha kulipokucha akaja koplo wako, yule mfupi asiyepaza sauti. Akatukagua. Akasema, "Wenye shahada, hatua tatu mbele." Tukapiga hatua tatu, na sitaki kuficha kwamba tulizipiga kwa madaha, mwenzetu wa sheria alirekebisha kola ya fulana isiyo na kola. Tulidhani panatafutwa makarani. Koplo akatutazama kutoka kushoto kwenda kulia, akasema, "Hawa ndio tuliowasomesha kwa kodi. Leo wanaanza kurudisha." Tukapewa majembe.

Mimi niliulizwa nimesomea nini. Takwimu, afande. Akafurahi kweli. Akasema kuanzia leo wewe ndiye unayehesabu majembe jioni. Siku hiyohiyo nikahesabu, nikaripoti, ikaonekana mawili hayapo. Nikamweleza kwa unyenyekevu kuwa katika kila hesabu huwa kuna kosa dogo la makadirio. Akaniambia nikalitafute hilo kosa, kwa mwendo wa kichurachura, kuzunguka shamba. Nikalipata. Lilikuwa chini ya mwembe, mipini miwili imelazwa pamoja, na pembeni yake watu wawili wa Kombania C wamelala wameifanya mito. Walimu wangu wa chuo wanisamehe, lakini ile ndiyo siku niliyoelewa kwamba nyuma ya kila tarakimu iliyokosekana kuna mtu amelala mahali fulani.

Ndiyo maana naleta maombi haya. Kambini ulipolia uji ulikuwa tayari, tena mwepesi hata unaona sahani chini, lakini ulikuwa tayari. Zamu ya lindo ilijulikana. Mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa muuza mihogo walichimba msingi mmoja wa choo, na aliyetega alionekana, kwa sababu shimo lake lilibaki fupi. Hakuna aliyetuambia mtandao uko chini. Hakuna aliyetuambia njoo kesho. Nikaamini kwamba hivyo ndivyo taifa linavyoendeshwa, na kwamba nikitoka nitaikuta hali hiyo nje kwa kiwango kikubwa zaidi. Sisi wa takwimu tuna ugonjwa huo wa kuchukua sampuli ndogo tukasema juu ya nchi nzima.

Nimerudi uraiani, afande. Ninapokaa sasa ni kwenye benchi la ofisi moja ambayo sitaitaja, nikingoja barua yenye sahihi moja. Mhusika ametoka kidogo. Koti lake lipo kwenye kiti, miwani ipo juu ya faili, kikombe cha chai kinafuka moshi, na redio yake ndogo inasoma taarifa ya habari. Mhusika hayupo. Nimekuja asubuhi, mchana, siku ya mvua na siku ya mshahara, koti lipo. Nimeanza kuamini kwamba lililoajiriwa ni koti. Kila nikikaa pale nakuwazia wewe. Nawaza ungelia mara moja tu kwenye ule ukumbi, mlio mrefu mmoja, tuone wangapi wangetokea kwenye ngazi, kantini, maegesho na kwenye ile ofisi ya chini wanakouziana vitenge.

Nisije nikaonekana nakutia maneno mdomoni, naomba nikukumbushe rekodi yako mwenyewe, maana ni nzuri. Jeshi hili lilianza tarehe 10 Julai 1963, nchi haijatimiza hata miaka miwili ya uhuru, kwa kazi tatu: malezi ya vijana, uzalishaji mali na ulinzi. Mwaka 1994 mafunzo ya lazima yalisitishwa, na yaliporejeshwa mwaka 2013 hata baadhi ya wabunge vijana walivaa sare wakaja kukimbia kidogo. (Walirudi bungeni wamepungua matumbo. Kama kuna kingine walichorudi nacho, tunaendelea kukisubiri.) Na pale Mererani, kwenye machimbo ya tanzanaiti, jeshi lilijenga ukuta wa kilomita 24.5. Watu walitegemea miezi sita, ukasimama kwa takriban mitatu, na Aprili 2018 ukazinduliwa. Barua yangu yenye sahihi moja imechukua muda mrefu kuliko ujenzi wa ukuta ule.

Kwa hiyo tatizo si kwamba nchi haiwezi. Inaweza vizuri sana ikipulizwa. Linalonisumbua ni upande ambao mlio wako unaelekea.

Nitakueleza habari ya zamani, ambayo wewe huenda uliisikia kwa filimbi wakubwa. Mwaka 1966 serikali iliamua wahitimu wa Chuo Kikuu na wenzao waingie jeshini kwa lazima: miezi kadhaa kambini, halafu miezi 18 kazini wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wakakasirika. Tarehe 22 Oktoba wakavaa majoho yao wakaandamana hadi Ikulu, wengine na mabango ya kusema afadhali wakati wa mkoloni. Hapo, afande, naomba unipe muda nicheke. Watu waliandamana kwa sababu wangelipwa asilimia 40! Leo ukisimama nje ya chuo chochote ukatangaza kuwa unatoa asilimia 40 ya mshahara, kwa kazi iliyo na uhakika, ikikungoja baada ya kambi, utahitaji polisi wa kutuliza foleni. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70, na waliofika kwenye usaili walizidi 10,000. Ikabidi wakalishwe kwenye viti vya Uwanja wa Taifa, mahali ambapo kwa kawaida watu hulipa kiingilio kuona wengine wakishindwa. Wasomi wa 1966 waliogopa kupoteza asilimia 60 ya kitu. Sisi tunatafuta hicho kitu chenyewe kiko wapi ndipo tuanze kugombana juu ya asilimia.

Lakini sikukumbushi ili nicheke. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza wale vijana pale Ikulu, akapandwa na hasira, akawarudisha nyumbani karibu wanafunzi 400. Sehemu hiyo inajulikana na wakubwa huipenda. Kuna sehemu ya pili ambayo haisimuliwi kwa sauti ileile: wanafunzi walikuwa wamewanyooshea kidole viongozi kwa mishahara yao minono, na Mwalimu akakubali kwamba mishahara ya wakubwa, wa kwake ukiwemo, ilikuwa mikubwa mno. Akaupunguza wa kwake kwa asilimia 20. Papo hapo. Hakuunda tume, hakuomba semina elekezi Bagamoyo. Nimepekua kadiri nilivyoweza, na hiyo ndiyo siku ninayoijua mimi ambayo ulipulizwa ukalia kuelekea juu, na aliye juu akasimama wima.

Tangu hapo umekuwa ukilia kuelekea chini. Aprili 2021 vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa walitaka kwenda Ikulu ya Chamwino kuomba kazi, kwa maana walikuwa wamejitolea na walidhani kuna anayehesabu. Jenerali Venance Mabeyo, Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, akatangaza kuwa 854 wameachishwa mafunzo kwa utovu wa nidhamu. Sipingi, afande. Jeshini hakuna maandamano, na hilo tulifundishwa wiki ya kwanza. Nataka tu tulinganishe. Vijana wa 1966 walikwenda Ikulu kukataa kutumikia, wakafukuzwa. Wa 2021 walitaka kwenda Ikulu kuomba waendelee kutumikia, wakafukuzwa pia. Mtu wa takwimu akiona matokeo hayabadiliki hata sababu ikigeuzwa kichwa chini miguu juu, huanza kushuku kwamba kinachopimwa si sababu. Kinachopimwa ni nani kapuliza.

Kwa maelezo hayo, naomba uhamisho wako uwe kama ifuatavyo, na nimejitahidi usiwe mzito.

Kituo cha kwanza kiwe dirisha la dawa la hospitali yoyote ya wilaya, kuanzia saa moja na nusu asubuhi, wakati wagonjwa wameshafika na funguo hazijafika. Usilie kwa ukali, kuna watoto wamelala. Mlio mfupi tu, wa kumfanya aliye nazo akumbuke.

Baada ya hapo uje kwenye vikao. Nimehudhuria kimoja kama mwalikwa asiye na jina. Kilipangwa saa tatu, kikafunguliwa saa tano na robo kwa sababu mgeni rasmi alikuwa njiani, na alipofika alitumia nusu saa kutuasa vijana tujali muda. Tulipiga makofi. Ungekuwepo nadhani ungepasuka.

Na kuna majedwali ya waombaji kazi. Hapa sihitaji ulie, nahitaji ukae tu juu ya meza watu wakuone, hasa wakati wa kupitia majina mawili yanayofanana ubini na bosi. Koplo alikuwa na tabia ya kukuning'iniza kifuani bila kukupuliza, na bado wategaji walipungua.

Natambua uhamisho una gharama zake. Utakapofika uraiani utaambiwa kamba yako ya shingoni ni ya kijeshi na haikubaliki, hivyo itangazwe zabuni ya kamba. Atashinda mzabuni aliyesajili kampuni ya kamba juzi. Utatakiwa uzinduliwe, na siku ya uzinduzi utepe utakatwa, filimbi haitalia, kwa kuwa hotuba zitakuwa zimekula muda. Utaundiwa kamati ya kuratibu upulizwaji, yenye wajumbe kutoka kila idara, na kila mjumbe atakuwa na posho ya kikao na atasisitiza kwamba idara yake ipulizwe mwisho. Baadaye atakuja mtaalamu mwelekezi kutoka nje, atakupuliza mara moja hotelini, atashtuka, na ataandika ripoti ya kurasa nyingi inayopendekeza kengele. Usikate tamaa. Mimi nilikata mbili tatu pale mwanzoni na hazikunisaidia.

Jambo la mwisho ni nyeti na nimelifikiria usiku. Naomba, kabla hujahamishwa popote, utuazime sisi makuruta wako wa zamani nafasi ya kukupuliza asubuhi moja. Hatutaandamana. Hatutabeba bango. Hatutakwenda Ikulu yoyote, ya Magogoni wala ya Chamwino, tumeshaona njia hizo zinakoishia. Tutasimama tu mahali pa wazi, tukiwa na bukta zetu zenye mfuko mmoja, saa kumi alfajiri kama ulivyotuzoesha, halafu mmoja wetu atakupuliza. Tutasubiri muda uleule ambao koplo alikuwa akitupa sisi, yaani wa kuhesabu mpaka thelathini. Tutaandika waliotoka na kombati kamili, waliotoka na suruali iliyoingia mguu mmoja, na waliochungulia dirishani wakarudi kulala. Mimi nitahesabu. Safari hii sitazungumzia kosa la makadirio.

Endapo hatatoka yeyote, hatutamlazimisha mtu kichurachura, umri wao hauruhusu. Tutachukua majembe yetu tukaendelee kujiajiri kama mstari ule wa tangazo ulivyotuelekeza. Mwenzetu wa sheria sasa anauza vocha na kukaanga mihogo pale stendi, na mihogo yake, sisemi kwa sababu ni rafiki yangu, ni mizuri. Mteja akimkopa humwita kwa mluzi. Wengi wanageuka.

Naambatanisha nakala ya cheti cha mafunzo, nakala ya cheti cha shahada, picha mbili za pasipoti na stakabadhi ya fundi aliyeziba mfuko.

Nasubiri sauti yako.

Ndimi wako mtiifu katika ujenzi wa taifa,

Kuruta Msomi,
Kombania B.

Nakala kwa:
Koplo: kwa taarifa. Majembe yote yapo.
Mama: asome kwa sauti, jirani wasikie.
Mhusika aliyetoka kidogo: apewe koti lake kwa niaba yake.